Kisanduku cha Paa

Saa sita usiku, Barabara ya Kirinyaga.
Maduka ya vipuri yamefumba vyuma,
harufu ya grisi imeachwa nje ilinde.
Nina kishikwambi cha serikali, koti la kung'aa,
na askari mmoja, Makokha, anayepiga miayo.
Tumetumwa kuhesabu wasiolala ndani.

Swali la kwanza: jina la mkuu wa kaya.
Wako watano chini ya magunia ya saruji yaliyoshonwa.
Wakatazamana.
"Mkuu ni baridi," kijana mmoja akasema,
"ndiye anayetuamuru tusogeleane."
Wakacheka hadi wakakohoa.
Nikaandika Syombua, miaka arobaini na mmoja,
kwa kuwa ndiye aliyeshika pindo la blanketi.

Swali la pili: paa limeezekwa kwa nini?
Bati. Vigae. Makuti. Zege. Nyasi.
Nikainua macho. Juu yetu ubao wa tangazo:
vyumba vitatu, bwawa la kuogelea,
mume na mke wenye meno meupe wakipokea funguo.
Taa zao ndizo tulizosomea.
"Andika hao," Syombua akasema. "Ndio paa letu.
Mvua ya upande ikija tunajibana chini ya viatu vyao."

Kishikwambi hakina hao.
Kikaleta herufi nyekundu:
*Jaza kisanduku hiki kabla ya kuendelea.*

Tukakwama.
Na alipoona nimekwama, akanieleza nisichoulizwa.

"Mnadhani mtu huanguka, puu, kama tofali.
Mimi nilishuka ngazi,
na kila ngazi nilidhani ndiyo ya mwisho.
Chumba Mukuru, elfu tatu na mia tano kwa mwezi.
Mtoto akalazwa siku kumi na tisa;
niliporudi, waliokuwa wakinipa nguo za kufua
walishapata mikono mingine.
Mwezi wa kwanza landilodi alinung'unika.
Wa pili akaja na fundi,
wakang'oa mlango, wakaubeba begani
kama jeneza la mtu mwembamba.
Umewahi kulala chumba kisicho na mlango, karani?
Hapo uko nje tayari. Kuta ni heshima tu.
Kisha kwa dada, siku nane.
Kisha ukumbi wa kanisa, mpaka ikaja harusi ya watu.
Elfu saba, karani.
Kila Krismasi huletwa mikate na kamera,
na kila alfajiri lori la kanjo,
askari sita na dereva, kutufagia.
Piga hesabu ya mikate. Piga ya petroli.
Mlango wangu ungenunuliwa mara ngapi?"

Makokha aliacha kupiga miayo.

"Na wewe," akasema, bila ubaya wowote,
"mshahara ukikatika, una miezi mingapi?"

Nikahesabu, maana ndiyo kazi niliyotumwa.
Mmoja na nusu.
Miwili, nikiuza kochi.
Sikutamka neno. Akaitikia kwa kichwa
kama aliyesikia.

Betri ilikuwa imebaki asilimia nne.
Nikabonyeza *Bati*, Mungu anisamehe, ili tuendelee.
Basi siku wakubwa watakapofungua majedwali yao
na kukuta, Barabara ya Kirinyaga,
kaya moja ya watu watano yenye paa la mabati,
wajue uongo huo ni wangu,
na kwamba hakuna mahali pa kuandika
*mlango, mmoja, ulichukuliwa, uko Mukuru,
mwenyewe anajulikana.*

Saa kumi na moja nilifika kwangu, Kayole.
Majirani walikuwa wakiwasha majiko kwenye korido.
Kabla sijaingia nilipapasa bawaba,
ya juu, kisha ya chini.
Ya chini ina msumari mmoja uliolegea.
Sikuwa nimewahi kuuona.